Giya ya usukani inagoma kati ya moja na mbili, Chevrolet C10 ya 1970: naombeni ushauri

Mkulima Ughaibuni
Wakuu, salaam. Niko Missouri, Marekani, nina kashamba ka mboga na kuku. Mzee jirani kaniuzia pikapu yake, Chevrolet C10 ya 1970, injini ya silinda sita za mstari mmoja. Giya ziko kwenye usukani, tatu tu. Kwa ambaye hajawahi kuendesha: unavuta mkono wa giya kwako, ukishusha unapata moja, ukipandisha unapata rivasi. Ukiuachia uelekee dashibodi, juu ni mbili, chini ni tatu.

Shida ni kutoka moja kwenda mbili. Nikibadilisha haraka haraka, mkono unakwama palepale katikati. Haurudi moja, hauingii mbili. Niko katikati ya makutano, nimekanyaga klachi, nyuma wanapiga honi.

Mafundi vijana wa hapa wakiona giya ya usukani wanacheka kwanza. Mmoja kasema giaboksi ishuke, na bei aliyotaja imezidi niliyonunulia gari. Nikaona kabla sijatoa hela niulize nyumbani, huko bado kuna watu wanaovijua vitu hivi.

Bodaboda Msomi
Ngoja waje wajuzi. Ila mkuu tupia picha, hiyo ni mali.

Fundi Mstaafu, Tanga
Mwanangu, giaboksi iache ilipo. Fungua boneti uangalie pale kolamu ya usukani, lile bomba linaloubeba, inapotokeza kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Utakuta vikono viwili vya chuma vimepandana. Kimoja ni cha moja na rivasi, kingine cha mbili na tatu. Kila kimoja kina rodi yake inayoshuka mpaka ubavuni mwa giaboksi.

Ukivuta mkono wa giya kwako unakamata kikono cha kwanza. Ukiuachia unaelekea mbele unakiacha hicho na kukamata cha pili. Kuhama huko kunawezekana mahali pamoja tu, pale vikono vyote viwili viko fri, yaani havijashika giya yoyote, na vimelingana. Bushi, vile vipete vya plastiki kwenye maungio ya rodi, zikiisha, rodi inakuwa na mchezo, kikono cha kwanza kinabaki hakijarudi fri sawasawa, na wewe umeshakimbilia cha pili. Ndani ya giaboksi kuna kizuizi kinachokataza giya mbili zisiingie kwa pamoja. Hicho ndicho kinachokugomea, na kinakulinda.

Ikikwama njiani, zima injini, vuta handbreki, na kama kuna mteremko weka jiwe kwenye tairi. Fungua boneti, shika vile vikono, sukuma kilichobaki nyuma mpaka vilingane. Utasikia "tok". Funga boneti uende. Mkono wa juu usiulazimishe, maana pini inayoushikilia kwenye kolamu ni nyembamba, ikikatika utaanza kazi nyingine.

Kijana wa Turbo
Mkuu mbona unajitesa? Kuna seti zinauzwa za kuhamishia giya sakafuni. Toboa, funga, sahau.

Mkulima Ughaibuni
@Kijana wa Turbo kiti ni benchi moja refu, watoto wangu wawili wanakaa hapo. Nikiweka giya chini, mmoja atakaa na fito katikati ya miguu. Halafu nimeipenda hivi hivi.

@Fundi Mstaafu shikamoo mzee. Vikono nimeviona. Nikivishika kwa mkono vinachezacheza, cha chini zaidi. Hiyo ndiyo shida?

Fundi Mstaafu, Tanga
Marahaba. Kuchezacheza kidogo si neno. Mwambie mtu akae ndani, injini imezimwa, awe anabadilisha giya polepole, wewe chungulia kwenye maungio ya rodi. Ukiona mkono umeshatembea na rodi bado imelala, bushi ya hapo imekwisha. Angalia juu na chini, rodi zote mbili.

Dada Spana, Mombasa
Babu kasema yote, mimi naongeza mawili. Kwanza maunti za injini, yaani vile vishikio vinavyoibeba. Rodi zimeshikwa upande mmoja na kolamu iliyofungwa kwenye bodi, upande wa pili na giaboksi iliyoungana na injini. Maunti ikikatika, ukikanyaga mafuta injini inajipinda na rodi zinavutwa nayo. Utabadilisha bushi mpaka uchoke. Gari iwe fri, handbreki imevutwa, mtu atie mafuta kidogo kwa ghafla, wewe simama pembeni uitazame injini. Ikiruka upande mmoja, maunti hamna.

La pili klachi. Gari iwe imesimama, injini inaunguruma, kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri kidogo, halafu tia rivasi. Ikisaga, klachi haiachii sawasawa, na hapo hata rodi ziwe mpya giya zitakuwa nzito tu. Gari hiyo klachi yake ni ya vyuma vitupu, haina mafuta, kwa hiyo unairekebishia kwenye rodi inayosukuma uma wa klachi. Pedali ibaki na mchezo wa kama inchi moja juu kabla haijaanza kusukuma.

Msafiri wa Ruvuma
Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404 pikapu, giya ya usukani pia. Alikuwa anapita fri taratibu utadhani anakoroga chai. Haikuwahi kumgomea.

Fundi Mstaafu, Tanga
404 ni giya nne, rodi zake zina mpango mwingine, moja inachagua njia na nyingine inaingiza giya. Mkulima asije akafuata maelekezo ya 404 kwenye Chevrolet. Lakini hilo la kupita taratibu ni kweli. Usikate kona. Toka moja, nyoosha mpaka fri, uache uelekee mbele, ndipo upandishe.

Mkulima Ughaibuni
Mrejesho, wakuu. Maunti nzima. Klachi haisagi. Lakini kwenye rodi ya moja na rivasi, upande wa juu, bushi haipo kabisa! Kimebaki kipande cha plastiki kilichokauka, kinavunjika ukikigusa, na tundu la kikono limeshakuwa kama yai. Bushi ni za bei ya kutupa, nimeagiza za pande zote. Tundu nalifanyaje?

Dada Spana, Mombasa
Likiwa limepanuka sana, mwenye mashine ya kuchomelea alijaze halafu utoboe upya kwa kipimo cha bushi. Ukitia bushi mpya kwenye tundu la yai, itaisha tena upesi.

Fundi Mstaafu, Tanga
Ukishafunga bushi, seti rodi. Legeza nati za kubania kwenye rodi zote mbili. Vikono vya kwenye giaboksi viweke fri kwa mkono, utasikia vinatulia. Kisha vile vya kwenye kolamu vilinganishe, vina matundu ya kupitishia pini. Tia biti ya drili inayoenea humo, ipenye yote. Ikiwa imekaa hapo, kaza nati bila kuvuta rodi huku wala huku. Chomoa biti, jaribu giya zote injini ikiwa imezimwa. Usisahau kuchomoa.

Mkulima Ughaibuni
Mzee, Mungu akupe umri. Tundu limejazwa, bushi zimekaa, biti ilipenya bila kubembeleza. Moja kwenda mbili inateleza. Kimebaki kitu kimoja: rivasi, nikiitia mara tu baada ya kusimama, inalia kidogo. Nikisubiri hailii.

Fundi Mstaafu, Tanga
Rivasi ya giaboksi hiyo haina sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajaingiana, kwa hiyo inangoja meno yasimame. Kanyaga klachi, gusa moja kwanza, halafu pandisha rivasi.

Kijana wa Turbo
Na picha bado hatujaona.