Kumfuatilia mchongaji wa Scotland aliyesahaulika, karne ya 19

Swali: Wadau, nina sanamu ya marumaru, kichwa na mabega. Nyuma imechongwa jina, kisha "Sc. Edinburgh 1858". Nianzie wapi kumjua huyu bwana?

Jibu 1: Hiyo "Sc." ni kifupi cha Kilatini, "amechonga", kwa hiyo jina ni la fundi, si la mwenye sura. Anza na kifo, urudi nyuma. Usajili wa kiserikali Scotland ulianza 1 Januari 1855, na cheti cha kifo hutaja baba, kazi yake, na mama kwa jina la ukoo wake. Tafuta kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Jihadhari na sensa ya 1841: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya chini, mwenye 29 akaandikwa 25. Wengi humpoteza mtu wao hapo hapo.

Jibu 2: Naongezea, ndugu. Usitafute "mchongaji" peke yake, wengi waliandikwa waashi. Katalogi za maonyesho ya Royal Scottish Academy (chama cha wasanii kilichoanzishwa 1826) hutoa anwani ya msanii. Ilinganishe na saraka za posta (vitabu vya majina na anwani za wakazi) za mwaka huohuo, ambazo National Library of Scotland imeziweka mtandaoni bure. Anwani ndiyo inayotenganisha watu wawili wenye jina moja, na Scotland majina yanajirudia mno!

Jibu 3: Pitia pia hifadhidata ya wachongaji, Mapping Sculpture, 1851 hadi 1951. Kwa michongo ya majengo, tafuta kwa jina la msanifu. Mara nyingi fundi hakutajwa kabisa.