Harrier ya haibridi au ya petroli kwa safari za Bweleo, Mjini na Makunduchi?

Mkaazi wa Bweleo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiweka akiba ili tubadilishe gari ndogo tuliyonayo, kwa sababu watoto wetu watatu wameshakua, na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua, hawezi tena kuinama kuingia katika gari ya chini. Mimi na mke wangu tumekubaliana kutafuta Toyota Harrier ya umbo lililoingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 2013. Tusilokubaliana ni injini. Yeye anataka haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri kubwa, kwa ajili ya kupunguza mafuta, na mimi nina hofu ya betri hiyo.

Matumizi yetu ni haya. Kila siku ya kazi natoka Bweleo, hapa Unguja, nawashusha watoto skuli Kiembesamaki, nampeleka mama yao Mwanakwerekwe, kisha naenda Malindi, na jioni narudi kwa njia hiyo hiyo. Jumla yake ni kilomita kama 45, nyingi zikiwa za foleni na matuta. Kila baada ya wiki mbili tunakwenda Makunduchi kumtazama mama, na wakati mwengine tunarudi naye kwa ajili ya kliniki. Nikijumlisha yote napata karibu kilomita 17,000 kwa mwaka. Kwa gari mbili zinazolingana kwa mwaka na hali, haibridi itanizidia shilingi milioni 7 mpaka ifike mkononi mwangu. Jirani yangu mmoja ananiambia kuwa betri ikifa nitaiuza gari kwa bei ya chuma chakavu, na mwengine ananiuliza nitaichaji wapi pindi umeme ukikatika. Naomba ushauri wa waliozitumia au kuzitengeneza gari hizi, si wa waliosikia tu.

Fundi wa Jang'ombe

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nianze na hilo la kuchaji, kwa sababu linawapotosha wengi. Harrier ya haibridi haichomekwi kwenye umeme wa ZECO wala popote pengine. Betri yake hujazwa na injini, na pia hujazwa na mota, ambayo kila unapokanyaga breki au kuondoa mguu kwenye mafuta hugeuka kuwa jenereta, ikairudisha kwenye betri ile nguvu ambayo gari ya kawaida huipoteza kama joto la breki. Umeme ukikatika Bweleo siku tatu, gari haina habari.

Ukishaufahamu utaratibu huo utaona kwa nini safari zako za kila siku zinaifaa haibridi. Mahali pa kusimama na kuondoka, kama pale Kiembesamaki hadi Mwanakwerekwe saa moja ya asubuhi, injini huzimika na mota ikaisukuma gari kwa mwendo mdogo, na kila tuta unalolikaribia huwa ni nafasi ya kurudisha umeme. Katika njia iliyofunguka na mwendo usiobadilika, kama kipande cha baada ya Tunguu unapokwenda Makunduchi, tofauti hupungua sana. Kwa kipimo cha Kijapani cha matumizi ya mafuta kinachoitwa JC08, Harrier ya petroli ya lita 2.0 inayovuta kwa magurudumu ya mbele iliandikiwa kilomita 16.0 kwa lita, na ya haibridi iliandikiwa 21.8. Usizipigie hesabu hizo. Wateja wangu wanaoendesha mjini huku kiyoyozi kikifanya kazi wanapata karibu 10 kwa petroli na karibu 15 kwa haibridi, nami ningehesabu kwa hizo.

Kwa kilomita zako 17,000, basi, utatumia lita 1,700 kwa gari moja na lita kama 1,130 kwa nyengine, na utaokoa lita 570 kwa mwaka. Bei hubadilika kila ZURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Zanzibar, inapotangaza, lakini tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kama mfano, hiyo ni milioni 1.7. Milioni 7 zako zitarudi baada ya miaka minne na kidogo. Kama una tabia ya kubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu, chukua petroli na usijisumbue. Kama ni mtu wa kukaa na gari miaka minane, haibridi itakulipa, kwa sharti kwamba betri uliyoinunua ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Na hapo ndipo ninapotaka uelekeze mawazo yako yote. Betri za Harrier hizi ni za nikeli, na aghalabu hazifi ghafla kama watu wanavyodhani. Huchoka pole pole, na kinachozichosha zaidi ni joto. Zimewekwa chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu yaliyo chini ya kiti hicho hicho. Hapa kwetu matundu hayo huzibwa na mchanga wa pwani, nyuzi za mazulia na vifuko vya skuli, na feni nyingi nilizozifungua mabawa yake yalikuwa yameshikana kwa vumbi. Feni hiyo isafishwe kila mwaka, na kama mnapenda kwenda ufukweni, kila miezi sita. Kazi yenyewe haichukui hata asubuhi moja, lakini afanye fundi anayejua kuwa kabla ya kugusa nyaya zile za rangi ya chungwa ni lazima aondoe plagi ya usalama ya betri na asubiri dakika 10, kwa sababu umeme uliomo unazidi volti 200 na unaua.

Mama wa Watatu, Mwera

Kaka yangu, wifi yangu ana haki. Mimi naendesha haibridi mwaka wa tano sasa, ndogo kuliko hiyo mnayoitaka, na jambo ambalo sikulitarajia kabla ya kuinunua ni raha ya kusubiri. Nje ya skuli mchana wa mwezi wa Februari, gari ya petroli inakulazimisha ama uiache injini ikinguruma nusu saa nzima, ama uzime uive. Katika haibridi yangu kompresa ya kiyoyozi inaendeshwa kwa umeme, hivyo naisimamisha, injini inazimika, baridi inaendelea, na injini huwaka kwa dakika chache tu pale betri inapohitaji kujazwa. Kwa mama aliyembeba mtoto mchanga nyuma, hilo si anasa.

Lakini nami nilipita kwenye mtihani. Mwaka wa pili taa nyekundu iliwaka na gari ikapungua nguvu. Gereji ya kwanza niliyoipeleka haikufungua kitu chochote. Walisoma namba kwenye mashine yao wakaniambia betri nzima imekufa, na wakanitajia bei iliyonifanya nikose usingizi. Mume wangu akanishauri tusikie kauli ya pili kabla ya kukopa. Fundi wa pili aliinua kiti, akaitoa feni, akanionesha kwa macho yangu, akaisafisha na kuzipiga brashi sehemu zilizoshika kutu kwenye viungo vya betri. Taa haijawaka tena tangu siku hiyo. Kwa hiyo kabla hujachagua gari, mchague fundi. Mtafute sasa hivi, uzungumze naye, na umuulize amewahi kufungua betri ngapi.

Mtu wa Wete

Ndugu zangu wa Unguja, nawaheshimu, lakini mnazungumza kama kwamba kila mmoja yuko dakika 20 kutoka kwa fundi. Huku Pemba hali ni nyengine. Haibridi ya mdogo wangu ilipokataa kuwaka tulizunguka Wete na Chake Chake bila ya kumpata mwenye mashine ya kuisoma, na mwisho wake tukaipakia melini Mkoani ikavuka hadi Unguja. Nauli yake, siku alizokosa gari, na simu alizopiga, hizo hazimo katika hesabu ya lita 570.

Kuna jambo la kiufundi ambalo fundi hakulitaja na ambalo muulizaji anapaswa kulijua. Haibridi za Toyota za aina hii hazina stata ya kawaida ya kuwashia injini wala altaneta ya kuchajia betri. Injini inawashwa na mota ile ile inayotumia betri kubwa. Gari ya petroli ikifa betri utaomba waya kwa jirani, au ikichoka altaneta utasogea nayo mpaka nyumbani, lakini hii, mfumo wa umeme mkubwa ukigoma, haisogei hata hatua moja ijapokuwa tangi limejaa mafuta. Anayeishi mbali na fundi achukue petroli. Nakubali kwamba vilima vyetu vinaifaa haibridi kwa sababu kila mteremko hujaza betri, lakini faida hiyo haina maana pale gari inapolala uani mwezi mzima.

Wakala wa forodha, Malindi

Nichangie kwa ufupi kuhusu hizo milioni 7. Sehemu yake si bei ya Japani bali ni kodi. Harrier ya petroli ina injini ya cc 1,986, na ya haibridi ina karibu cc 2,500. Ushuru wa bidhaa hupangwa kwa ujazo wa injini, na inayovuka cc 2,000 huingia daraja la juu. Ndiyo maana baadhi ya wateja wangu wanaotaka haibridi huchukua Toyota C-HR, ambayo injini yake ni ya cc 1,797 na iliandikiwa kilomita 30.2 kwa lita kwa kipimo hicho hicho cha JC08. Kwa familia yako, hata hivyo, siipendekezi: dirisha la nyuma ni dogo, watoto watatu watabanana, na mzee mwenye magoti hatoingia kwa raha. Kumbuka pia kwamba ukiingiza gari kwa kodi ya Zanzibar na baadaye ukataka kuiuza Bara, unaweza kudaiwa tofauti ya kodi.

Mkaazi wa Bweleo

Nawashukuru nyote, na maneno ya ndugu yangu wa Wete nimeyasoma mara mbili. Nina maswali mawili kwa fundi. La kwanza, betri nzima inatambulikanaje ikiwa gari bado iko Japani na mimi ninaona picha tu? La pili, njia yangu inapita mahali ambapo masika maji hujaa barabarani. Betri ikiwa chini ya kiti, je, si hatari?

Fundi wa Jang'ombe

Kwanza nimjibu wa Wete: amesema kweli, na kosa ni langu kutolitaja hilo. Kwa anayeishi Wete au Konde ningetoa ushauri ule ule alioutoa yeye.

Ama swali lako la kwanza, jibu ni kwamba haitambulikani. Karatasi ya ukaguzi inayotolewa na mnada wa Japani inakuambia rangi, mikwaruzo na kilomita, lakini haikuambii seli zina hali gani, na kilomita chache si dalili njema siku zote, kwa sababu betri iliyokaa bila ya kutumika nayo hudhoofika. Kwa hiyo kwa haibridi nakushauri usiagize. Nunua iliyokwishashuka Unguja, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu hiyo unaweza kuipima. Uende na fundi mwenye kifaa cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, muiendeshe nusu saa, mpandishe mwendo kwa nguvu na mfunge breki, huku mkitazama volti za vikundi vya seli. Katika betri nzima vikundi vyote hupanda na kushuka pamoja. Kikundi kimoja kikibaki nyuma ya wenzake kila unapokanyaga mafuta, ondokeni. Muuzaji atakuambia kwamba seli moja hubadilishwa kwa bei ndogo, na ni kweli hubadilishwa, lakini seli mpya ikiwekwa katikati ya zilizochoka, baada ya miezi michache hufuata nyengine, na utakuwa mteja wangu wa kudumu, jambo ambalo sikutakii.

Kuhusu maji, usiyaingie kwa gari yoyote yanapofika usawa wa sakafu ya milango. Injini ya petroli ikivuta maji nayo huharibika. Tofauti ni kwamba gari ya petroli iliyoingia maji ndani unaweza kuikausha viti na mazulia, lakini haibridi iliyolowa chini ya kiti cha nyuma usiiwashe kabisa mpaka ikaguliwe. Nikuongezee moja la hewa yetu ya bahari: kwa kuwa mota inafanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, pedi hudumu sana, lakini visahani havisuguliwi vya kutosha na pini za breki hushika kutu. Zifunguliwe na kupakwa grisi mara moja kwa mwaka hata kama pedi bado ni nene. Na maji ya kupozea inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri ili utumike na mota, yana chupa yake peke yake, tofauti na ya injini. Wengi huyasahau.

Mkaazi wa Bweleo

Nimekaa na mke wangu jana usiku tukayapitia majibu yote pamoja. Gari tunakusudia kukaa nayo mpaka mtoto wa mwisho amalize skuli, yaani miaka tisa, na mafundi tunao umbali wa kilomita 15, kwa hiyo nimekubali haibridi, lakini kwa masharti ya fundi. Kuna moja ya mwaka 2015 iliyokwishashuka, na tumepanga kwenda kuiona Jumamosi. Nimemwomba muuzaji aturuhusu kuiendesha nusu saa na kifaa kikiwa kimechomekwa, na kuinua kiti cha nyuma tuione feni, naye amesema atanijibu Ijumaa baada ya sala. Akikataa, tutaagiza ya petroli, na milioni 7 zitabaki benki kwa ajili ya mafuta. Mama nitamchukua Jumamosi hiyo hiyo ajaribu kupanda na kushuka mwenyewe.