Kikundi cha Ukoo: Harusi ya 25 Desemba
Jumamosi, 27 Novemba 2021, Mombasa

Shangazi Mwalimu, saa 2:10 asubuhi: Assalaam alaykum. Kafyu ya korona iliondolewa tarehe 20 Oktoba, kwa hiyo sioni kwa nini mtoto wetu apambwe kwa muziki wa dijei ilhali ukoo huu ulikuwa na kikundi chake cha taarab. Naomba kila mtu aseme kabla ya adhuhuri kama atapiga au atachanga.

Shangazi Mwalimu, saa 6:40 mchana: Watu 23 wamesoma na hakuna aliyejibu.

Ammi Fidla, saa 7:15: Waalaykum salaam. Mwalimu, kafyu imeondoka lakini shughuli hazijarudi. Taarab yetu ilianza baada ya Isha ikakolea usiku wa manane, na kwa karibu miezi 19 usiku huo hatukuwa nao; wenye harusi wakazoea sherehe za alasiri zenye spika mbili, na tunza, yaani pesa tunazotuzwa na wageni, ambayo ndiyo iliyokuwa riziki yetu hasa, ikakatika. Mpiga ngoma ya dumbaki sasa anaendesha tuktuk Likoni, na nyuzi za ala yetu ya ganuni zimekatika.

Binamu wa Dubai, saa 7:18: Dumbaki nitapiga mimi kwa simu, mradi mtandao usikatike kwenye kibwagizo.

Khalti, saa 7:19: Wewe hata kwenye harusi yako ulipiga makofi nje ya mapigo.

Shangazi Mwalimu, saa 7:25: Tafadhali tusitoke kwenye jambo. Jumapili iliyopita Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba maeneo mengi yatadai uthibitisho wa chanjo, nasi hatujui ukumbi utatutaka nini.

Mjomba wa Makadara, saa 9:02: Kabla ya ukumbi, tuambiwe kinanda kiko wapi. Kilinunuliwa kwa tunza ya sote, kikauzwa 2020 bila mtu kuulizwa.

Ammi Fidla, saa 9:04: Nilikiuza nikalipa kodi ya nyumba. Mwaka ule nani kati yenu aliniuliza nimekula nini?

Mjukuu, saa 10:30 alasiri: Nyanya ameniamuru niandike hivi: «Udi wa marehemu uko chini ya kitanda changu tangu maradhi yalipoingia, na hakuna aliyekuja hata kuufuta vumbi. Anayetaka kupiga na aje auchukue, lakini asije peke yake. Aje na aliyegombana naye.»

Ammi Fidla, saa 12:50 jioni: Nimesikia, mama. Nitakuja baada ya Isha.

Shangazi Mwalimu, saa 2:15 usiku: Mjomba wa Makadara, nawe utakwenda?

Mama Harusi, saa 3:40: Samahani, nilikuwa kwa fundi cherehani. Dijei anasubiri arbuni hadi kesho jioni. Nimlipe?

Shangazi Mwalimu, saa 3:41: Mlipe nusu.