Mbuga si ya wanyama tu! Neno hili mnavyolipotosha linatubomolea nyumba

Wakuu, nimevumilia sana, leo naomba niseme.

Mdogo wangu alinunua kiwanja pembezoni mwa mji, huku kwetu Shinyanga. Karatasi ya mauziano imeandikwa wazi: "eneo la mbugani". Dogo kakulia Dar, akamuuliza dalali maana yake. Dalali akamwambia eti zamani wanyama walikuwa wanapita hapo! Akalipa. Ilikuwa mwezi wa nane, ardhi kavu kama tofali, akajenga kwa msingi wa kawaida.

Mvua za kwanza tu, ukuta wa sebuleni ukapasuka kuanzia kona ya dirisha hadi chini. Ufa unaingia kidole. Mlango wa mbele haufungi tena, unakwama kwenye fremu.

Usukumani hata mtoto anayechunga anaijua mbuga. Ni ule udongo mweusi wa bondeni. Ukilowa unavimba na kunata, unatembea hatua tatu viatu vimekuwa vizito kama mawe, ng'ombe wanazama. Kiangazi unasinyaa na kupasuka mipasuko ya kuingiza mkono. Huko tunalima mpunga kwenye majaruba. Nyumba wazee walijenga juu, kwenye udongo wa kichanga.

Msiniambie "si kinamasi tu hicho". Kinamasi unakiona, kina maji na matete. Mbuga inakauka kabisa, mgeni anadhani kapata uwanja tambarare wa bei nafuu. Neno lenyewe ndilo lilikuwa onyo, na mmelinyamazisha!

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga miaka ya 1930, aliandika kwa Kiingereza lakini neno mbuga akaliacha lilivyo. Mgeni kalishika, sisi wenyewe tunawafundisha watoto kwamba mbuga ni Serengeti basi. Serengeti ni hifadhi, jina lake rasmi ni Hifadhi ya Taifa! Sikatai, mbuga ni uwanda wa nyasi pia, kamusi zinasema hivyo. Lakini kwa nini maana ya udongo ifutwe kwenye vichwa vya watu? Walimu, watangazaji, nyie mnaouza viwanja, mnajua mnachokifanya?

Aliyewahi kuokoa nyumba iliyokaa kwenye mbuga aniambie alifanyaje. Mvua huku zinaanza mwezi wa kumi na moja, na watoto wa dogo wanalala chumba cha pili kutoka kwenye huo ufa.