Uhandisi wa majengo au usanifu majengo: nisome kipi chuo kikuu?

Mwanagenzi wa Korogwe

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na ufaulu wangu unaniruhusu kuomba kozi nyingi zinazohusu ujenzi. Napenda kuchora, Hisabati hainisumbui, na tangu sekondari nimekuwa nikijiona mtu wa majengo. Utata umeanza nilipopitia matangazo ya ufadhili wa masomo ya nje na kukutana na shahada ya uhandisi wa majengo, ambayo ukisoma ukurasa mmoja wa maelezo yake unadhani ni usanifu majengo, na ukisoma unaofuata unadhani ni uhandisi ujenzi. Katika vyuo nilivyokuwa nikiviangalia hapa nyumbani, mambo hayo mawili yametenganishwa kabisa.

Baba yangu mdogo, ambaye ni fundi mwashi kwa miaka mingi, ananisihi nisome uhandisi ujenzi, kwa hoja kwamba watu wananunua ramani mitaani kwa bei ya chini na msanifu hubaki akisubiri wateja. Naomba wenye uzoefu wanieleweshe tofauti halisi ya masomo haya, na kama shahada hiyo ya nje itatambuliwa nikirudi.

Nguzo Nane

Mwanagenzi, hongera kwa matokeo. Mimi ni mhandisi miundo, yaani wa kuhakikisha jengo linasimama, kwa hiyo soma jibu langu ukijua nimesimama upande gani.

Kwa maana inayotumika Marekani, uhandisi wa majengo ni uhandisi kamili, ila umejifunga kwenye jengo peke yake: hakuna barabara, madaraja wala mabwawa. Penn State, chuo cha jimbo la Pennsylvania, kimekuwa kikiufundisha tangu mwaka 1910, na shahada yake huchukua miaka 5. Mwanafunzi hupewa misingi ya usanifu ili aweze kusoma fikra za msanifu kwenye mchoro, kisha hubobea katika miundo, au mitambo ya hewa na maji, au umeme na mwanga, au usimamizi wa ujenzi. Akihitimu, njia yake ya kawaida ni kusajiliwa kuwa mhandisi. Anayetaka kuwa msanifu huko husoma shahada nyingine, inayokaguliwa na chombo kingine.

Hapa kwetu kazi hizo zimegawanywa kwa wahandisi watatu tofauti, yaani wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme, na kila mmoja huja kwenye jengo akitokea kwenye fani pana zaidi. Matokeo yake utayaona kwenye saiti nyingi: bimu, ule mhimili wa kulala unaobeba sakafu, imeshamwagwa zege, halafu anakuja mtu wa mabomba na kutaka kuitoboa kwa sababu hakuna aliyemwachia njia ya bomba la majitaka. Mtu aliyesoma jengo zima kama mfumo mmoja huliona tatizo hilo likiwa bado kwenye karatasi, na hapo ndipo ninapoiona faida ya shahada uliyoitaja.

Kuhusu ugumu wa masomo, nikupe mfano mdogo wa siku za mwanzo darasani. Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Slabu, yaani bamba la zege la ghorofa, yenye unene wa sentimita 15 ina maana ya kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 5 kinabeba kilo 7,200 juu yake kabla hujaweka sakafu, ukuta, kitanda wala mtu. Uzito huo unapita kwenye slabu, unaingia kwenye bimu, unashuka kwenye nguzo, unafika kwenye msingi na kuishia kwenye udongo, na wewe ndiye unayeulizwa kila hatua kama njia hiyo inatosha. Ukiongeza ghorofa hesabu inaanza upya kutoka chini, na wapo wenye majengo ambao hawapendi kabisa kusikia hivyo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Kila mwanafunzi wa miundo anapaswa kulifahamu tukio hilo kabla ya kuingia kwenye fani, maana hesabu unazozifanya zinabeba watu.

Kama hesabu za aina hii zinakufurahisha hata pale hakuna anayekuona ukizifanya, njoo uhandisi.

Penseli ya 2B

Mimi nipo Chuo Kikuu Ardhi, mwaka wa nne wa usanifu majengo, shahada ya miaka 5. Mhandisi ameeleza vizuri upande wake, ila naomba msomaji asiondoke akidhani kwamba usanifu ni kuchora tu na kwamba hesabu zimeachwa kwa wengine.

Chukua zoezi la kivuli, ambalo mtu wa nje hudhani ni la mapambo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni adhuhuri, jua linakuwa upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi. Tarehe 22 Desemba linakuwa upande wa kusini, kwenye nyuzi 73. Dirisha la mita 1.2 kwenda juu linaloangalia kaskazini linahitaji upenu wa sentimita 70 ili jua la Juni lisiingie ndani adhuhuri, lakini dirisha hilohilo likiangalia kusini, sentimita 36 zinatosha kwa Desemba. Sasa ligeuze lielekee magharibi. Jua la alasiri likishuka hadi nyuzi 30 utahitaji upenu wa zaidi ya mita 2, na likishuka zaidi hakuna upenu utakaokusaidia, kwa hiyo inakubidi ufikirie mbao za kusimama, mti, kibaraza kipana, au ulihamishe dirisha lenyewe. Uamuzi huo mmoja, unaofanywa kabla ya tofali la kwanza, ndio utakaoamua kama wakazi watalala kwa pangaboi au watalipia umeme wa viyoyozi kwa miaka yote ya jengo. Nikitembea mjini na kuona jengo la vioo vitupu limegeuzwa magharibi, najua kuna aliyeruka zoezi hili.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni studio. Kozi za darasani zina mtihani na unajua umepata ngapi, lakini studio huchukua sehemu kubwa ya wiki. Unakaa na wazo lako kwa muhula mzima, unakata kadibodi usiku, unabandika michoro ukutani na kusimama mbele ya jopo la walimu ambao wanaweza kukuambia uanze upya ilhali kila mstari umeuchora kwa usahihi. Nimeona wenzangu waliokuwa vinara wa Hisabati wakiteseka hapo kwa sababu hakuna jibu moja la kulifikia. Nimeona pia wachoraji hodari wakikwama kwenye somo la miundo. Bajeti nayo iandae mapema, kwa maana kompyuta yenye uwezo wa kuendesha programu za kuchorea majengo kama Revit au ArchiCAD, karatasi kubwa na gharama za kuchapisha ni mzigo ambao mwenzako wa kozi nyingine haujui.

Boma la Kigamboni

Mimi ni mkadiriaji majenzi, mtu wa kukokotoa gharama za ujenzi, na nitasema moja tu kuhusu hoja ya baba mdogo. Ramani ya bei ya chini huwa ghali pale msingi unapochimbwa. Mteja anakuja na ramani iliyotengenezwa kwa kiwanja tambarare wakati chake kina mteremko, na fedha anazotumia kujaza kifusi na kujenga kuta za kuzuia udongo zingetosha kumlipa msanifu na bado zikabaki. Hata hivyo mzee hajakosea kuhusu soko la nyumba ndogo za watu binafsi. Ni kweli kwamba huko wengi hawaajiri msanifu. Kazi nyingi za wasanifu zinatoka kwenye shule, hospitali, ofisi, hoteli na majengo ya biashara, na huko ushindani ni wa ofisi na ofisi.

Bin Matrah

Nawasalimu kutoka Muscat. Kabla ya kijana kujaza fomu yoyote ya ufadhili, ni vyema ajue kwamba jina la shahada aliyoiona halina maana moja duniani. Alivyoeleza Nguzo Nane ni sawa kwa Marekani. Lakini katika nchi nyingi za Kiarabu usanifu majengo hufundishwa ndani ya vitivo vya uhandisi, na shahada yake huitwa uhandisi. Chuo Kikuu cha Cairo kina idara ya uhandisi wa majengo ndani ya Kitivo cha Uhandisi, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Falme za Kiarabu kilichoko Al Ain kina yake pia. Huko mwanafunzi anakaa studio na kusanifu majengo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kurudi nyumbani na vyeti vyenye jina moja, mmoja akiwa amesanifu shule na misikiti kwa miaka, na mwingine akiwa amepiga hesabu za mabomba ya hewa baridi na nyaya.

Usisome jina. Omba orodha ya masomo ya kila muhula, kisha uhesabu saa za studio na saa za miundo, umeme na mitambo.

Mwanagenzi wa Korogwe

Nawashukuru sana nyote. Mfano wa upenu nimeukokotoa mwenyewe kwa Korogwe jana usiku na nimeufurahia kuliko nilivyotarajia, lakini ule wa slabu nao umenivutia, kwa hiyo bado nipo njia panda. Je, mtu anaweza kusoma usanifu hapa nyumbani, kisha baadaye akasajiliwa pia kama mhandisi? Au shahada ya nje inayochanganya vyote ndiyo itanipa milango yote miwili?

Rula na Zege

Mimi ni msanifu majengo niliyesajiliwa, na swali hili la pili ndilo nililokuwa nikilisubiri.

Kwa Tanzania milango hiyo ina walinzi wawili tofauti. Wasanifu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010, na wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kila bodi inaangalia shahada yako, mafunzo ya kazi baada ya shahada na mitihani au usaili wake yenyewe. Shahada ya usanifu haikufanyi mhandisi, na ya uhandisi haikufanyi msanifu, hata uwe na kipaji kiasi gani. Hatari ya shahada inayochanganya ni kwamba bodi ya kwanza inaweza kuona studio ni chache na ya pili ikaona hesabu ni chache, nawe ukabaki katikati na cheti kizuri. Kwa sababu hiyo, orodha ya masomo aliyoitaja Bin Matrah usiishie kuisoma mwenyewe. Iandikie bodi husika, uiambatishe, na uulize kama mhitimu wa programu hiyo anasajilika. Fanya hivyo kabla ya kusaini mkataba wa ufadhili. Uliza pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuhusu kutambuliwa kwa chuo chenyewe, maana huo ni utaratibu mwingine.

Naomba nitofautiane kidogo na Nguzo Nane, ambaye amemfanya msanifu aonekane mtu wa kuleta mchoro na kuondoka. Nenda kaangalie Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo, na miavuli hiyo ilisanifiwa ipokee maji ya mvua na kuyashusha hadi kwenye tangi lililoko chini ya ardhi, huku mwanga na hewa vikipita katikati kwa ajili ya umati ulioko chini. Niambie hapo usanifu umeishia wapi na uhandisi umeanzia wapi. Amuli alikuwa msanifu, si mhandisi, lakini wazo la namna hiyo halimjii mtu asiyejua zege linaweza nini, wala haliwezi kusimama bila mhandisi aliyekubali kulihangaikia badala ya kusema haiwezekani. Mwaka 2021 moto uliteketeza soko hilo, na miavuli ile imebaki kuwa mfano ninaowapeleka vijana wanaokuja kufanya mafunzo ofisini kwangu.

Kwa hali yako ningekushauri uombe nafasi ya wiki chache katika ofisi moja ya usanifu na moja ya uhandisi kabla masomo hayajaanza, hata kama ni ya kufagia na kupiga nakala. Angalia wanachokifanya saa nane mchana siku ya kawaida. Sisi tunabishana na mteja kuhusu mahali pa ngazi, tunafuta, tunachora tena.

Nguzo Nane

Nakubali kusahihishwa na Rula kuhusu Kariakoo, ingawa nina hakika yule mhandisi wa miavuli hakulala vizuri.

Mwanagenzi, kama utaamua kuja huku, ujue kwamba baada ya shahada kuna mpango wa mafunzo ya wahandisi wahitimu unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambao huchukua miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla ya usajili wa kitaalamu. Panga maisha yako ukijua hilo. Na ofisi yetu hupokea vijana wa kujitolea wakati wa likizo; nitumie ujumbe wa faragha ukiwa tayari, ukitaja kozi uliyoiomba na chuo.