Nimehamishwa kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili. Utamu wa huku uko wapi? Naomba ushauri

ua_la_kwaya (mleta mada)

Habari zenu wadau.

Naimba kwaya tangu nikiwa shuleni, na muda wote nimekuwa sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Juzi mwalimu wetu alitupima sauti mmoja mmoja, akaniambia sasa nihamie sauti ya pili. Anasema nikipanda sana koo linabana na sauti inakuwa nyembamba, ila huku chini sauti yangu ni nene na imetulia. Sibishani naye, anaijua kazi yake, na hata mimi nilikuwa nachoka nikifika juu.

Shida yangu ni furaha. Nilizoea kubeba wimbo. Msikilizaji akitoka kwenye onesho letu huku anaimbaimba, anachoimba ni sauti ya kwanza. Sasa nimepewa mstari ambao nikiuimba peke yangu hata mdogo wangu hautambui: so, so, so, fa, so, so, mi. Nusu ya ubeti nimekaa noti moja. Halafu tukiunganisha sauti zote nne navutwa kurudi juu kwa wenzangu wa zamani, hasa kwenye kiitikio.

Nauliza mawili. Nifanye nini nisivutwe? Na la pili, ambalo kwangu ndilo zito: ninyi mnaoimba sauti za katikati, mnafurahia nini hasa? Sitafuti kufarijiwa. Nataka kuelewa kabla sijaamua kubaki au kuacha.

besi_la_chini

Usiache. Vumilia mpaka siku mtakapoimba bila kinanda mkaishika noti ya mwisho, wote nne, imekaa sawasawa. Wanaojua kueleza watakuja kueleza, lakini mimi najua unachokaribia kukipata.

sauti_ya_kati

Dada, karibu huku kwetu. Nimeimba sauti ya pili miaka mingi na swali lako la pili nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mstari wako hautambuliki ukiimbwa peke yake kwa sababu haukutungwa uimbwe hivyo. Fanya jaribio. Tafuta watu wawili, mmoja ashike do, mwingine so. Zinaelewana vizuri, lakini ziko tupu, huwezi kusema kama wimbo una furaha au majonzi. Sasa ingia wewe na mi. Papo hapo panachangamka. Ishushe nusu hatua iwe ma, na wale wawili wasibadilishe chochote: wimbo mzima umeingia huzuni. Aliyeamua ni wa katikati, na mara nyingi noti hiyo anayo alto (sauti ya pili) au tena (sauti ya tatu, iliyo juu ya besi). Mimi nikisimama kwenye kwaya najua kwamba hali ya wimbo iko mikononi mwangu, hata kama hakuna msikilizaji atakayeondoka na mstari wangu kichwani.

Kuna la ndani zaidi. Tuseme do yenu ina mitetemo 440 kwa sekunde. So inayokaa nayo sawasawa ina 660, na mi ina 550. Uwiano wao ni 4, 5 na 6, namba ndogo zisizo na sehemu, na ndiyo maana sikio huzipokea kama kitu kimoja. Kinanda hakina mi hiyo. Kwenye kinanda oktava (kutoka do hadi do ya juu yake) imegawanywa nusu hatua 12 zinazolingana, ili ufunguo wowote, yaani do ikiwekwa popote, upigike, na matokeo yake mi inaangukia karibu na 554. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi lakini sikio linaihisi: sauti inakuwa na mtikisiko, haitulii. Kwaya isiyo na kinanda ina uhuru wa kuishusha mi kidogo mpaka mtikisiko upungue na kuisha kabisa. Na anayeishusha ni wewe. Wenye do na so wanakaa walipo, wewe ndiye unayetafuta. Ukiipata, sauti ya kundi inakuwa kubwa ghafla bila mtu kuongeza nguvu, na wakati mwingine mtasikia noti nyembamba juu yenu ambayo hakuna anayeiimba. Si mazingaombwe, ni mitetemo ya juu iliyomo ndani ya kila sauti inayopandana na kuimarishana. Mimi hunisisimua mpaka leo.

Hiyo ndiyo furaha yangu. Siisikii nikiimba bafuni, lazima tuwe kundi.

msoma_solfa

Mimi nijibu la kuvutwa.

Jifunze mstari wako kwa solfa kwanza, yaani kwa majina ya noti (do, re, mi), bila maneno. Maneno ndiyo yanayokurudisha juu, kwa kuwa mdomo wako umeyazoea na sauti ya kwanza. Imba so, so, so, fa mpaka uweze kuimba huku unafanya kazi nyingine. Kisha mwombe rafiki aimbe sauti ya kwanza polepole, kwa sauti ya chini, nawe uimbe yako. Aongeze nguvu kidogo kidogo. Msianze na kiitikio, anzeni na sehemu ambazo sauti zenu ziko mbalimbali, maana mkikaribiana ndipo unapotekwa kirahisi.

Kubwa zaidi: badilisha unayemsikiliza. Ukitafuta noti yako ya kuingilia kutoka kwa sauti ya kwanza, utaishia kwao. Itafute kwa besi. Besi akiwa kwenye do, wewe so yako iko palepale juu yake, haina utata.

Wapo wanaoziba sikio moja kwa kidole. Inasaidia kujisikia, lakini ukiizoea utakuwa unaimba peke yako katikati ya watu. Bora umwombe mwalimu mpanuke kidogo mnaposimama. Watu wakibanana, kila mmoja anapandisha sauti ili ajisikie, jirani naye anapandisha, mwishowe hakuna anayemsikia mwenzake. Nawe usisimame mpakani na sauti ya kwanza kwa sasa, kaa katikati ya alto wenzako.

mpenzi_wa_zamani

Niongeze kitu kuhusu hili la "kubeba wimbo". Wimbo kukaa sauti ya juu ni mazoea tu, haikuwa hivyo siku zote. Ulaya kwa karne nyingi wimbo wenyewe ulishikwa na tena, wengine wakauzunguka. Mwaka 1586, Ujerumani, Lucas Osiander alichapisha nyimbo 50 za ibada na kuupandisha wimbo kwenye sauti ya juu kwa makusudi, ili waumini waufuate na kuimba pamoja na kwaya. Hata leo, kwenye makundi ya watu wanne ya mtindo wa barbershop kutoka Marekani, wimbo anao wa pili kutoka juu, na wa juu kabisa kazi yake ni kupamba. Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi, nyimbo nyingi za sauti tatu huongozwa na sauti ya katikati.

Na Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao uimbaji wao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003, kila mwimbaji ana mstari wake na anaweza kuubadilisha akiwa anaimba. Ukiuliza nani anabeba wimbo, jibu ni wote.

tena_mkaidi

Naheshimu yaliyosemwa, ila tuwe wakweli kwake. Kuna nyimbo ambazo sauti ya pili imeandikwa vibaya. Mtunzi amemaliza sauti ya kwanza na besi, kisha akajaza nafasi iliyobaki kwa noti zozote zisizogongana. So, so, so, fa ubeti mzima inaweza kuwa ni hivyo. Dada, usiipime sauti ya pili kwa wimbo mmoja. Mwombe mwalimu alete na nyimbo ambazo sauti zinaingia kwa kupokezana, alto anaanzisha, tena anajibu, ndipo uamue. Mwalimu anayewapenda watu wake hatachukia kuombwa hivyo.

ua_la_kwaya (mleta mada)

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina namna hii.

@sauti_ya_kati, nimelifanya jaribio lako na wenzangu wawili kabla ya mazoezi. Tulipotoka mi kwenda ma wote tulitazamana. Ya kutafuta 550 sijaifikia, lakini mtikisiko nimeusikia wazi, na sasa siwezi kuacha kuusikiliza. @msoma_solfa, besi amenisaidia kweli, kiitikio nilikishika mara ya kwanza. @tena_mkaidi, nimeongea na mwalimu, amekubali kutuletea wimbo wa kupokezana.

Nina swali moja tu jipya. Sauti ya pili tuna noti ndefu sana mwishoni, pumzi haifiki. Mnapumua wapi?

sauti_ya_kati

Nimefurahi mno kusoma hivyo.

Noti ndefu hazishikwi na mtu mmoja, mnapokezana pumzi. Usipumue pale ambapo kila mtu anapumua, yaani mwisho wa mstari au kwenye koma. Pumua katikati ya irabu, wakati jirani yako bado anaimba. Punguza sauti taratibu, chukua pumzi kimya, rudi kwa sauti ndogo kisha ongeza, na usirudi kwa konsonanti mpya. Msikilizaji atasikia noti moja isiyokatika, ndefu kuliko pafu la mtu yeyote. Kwangu hiki ni moja ya vitu vizuri kabisa ambavyo watu wanaweza kufanyiana.

Lakini kwenye vituo vya pamoja, pumueni pamoja kwelikweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walipima mapigo ya moyo ya waimbaji wa kundi na kuona yanaharakishwa na kupunguzwa pamoja, kwa kuwa wimbo unawapangia pumzi. Mnapovuta hewa kwa wakati mmoja, mnaingia kwenye noti kwa wakati mmoja.

besi_la_chini

Na msiache ijipange yenyewe. Alto wote mkae na nakala zenu, mgawane nani anapumua wapi, kila mtu aweke alama yake kwa penseli. Sisi besi tulipofanya hivyo, noti ya mwisho ilikoma kushuka.