Mrejesho: kombeo la kamba la kubeba mfukoni

Wakuu, niliuliza jinsi ya kusuka kombeo dogo la kutishia tumbili shambani huku Tengeru, na kwa nini jiwe huchomoka kabla ya kuachia. Asanteni, limekamilika na linaingia mfukoni.

Nimetumia katani ya milimita 3, kamba tatu za mita 2 kila moja. Loweka kwanza, la sivyo inachoma vidole na msuko unakaa wazi. Anza na kitanzi cha kidole cha kati, kisha suka sentimita 60; huo ndio mkono wa kwanza wa kombeo.

Kiota cha jiwe ndicho chenye kazi. Hapo ongeza vipande vitatu vya sentimita 60, gawa kamba sita ziwe misuko miwili sambamba ya sentimita 12, halafu ziunganishe tena. Ncha za vipande zifiche ndani ya msuko, kila upande. Misuko hiyo lazima ilingane: mmoja ukizidi hata kidogo, kiota kinalala upande na jiwe linateleza. Mkizidisha urefu wake, jiwe linachelewa kutoka.

Suka mkono wa pili, lakini fundo la kuachia, lile la mwishoni unaloshika na kuliachia ukirusha, msilifunge bado. Ning'iniza kombeo na ndoo ya maji lita 5 usiku kucha, maana katani mpya hunyooka. Kisha weka jiwe, vaa kitanzi, sawazisha mikono yote, ndipo ufunge.

Jiwe liwe la mviringo, ukubwa wa yai. Lenga ardhini karibu na tumbili, na nyuma wala pembeni yako pasiwe na mtu: ukichelewa kuachia, jiwe huenda pembeni kabisa.